Manjano, Mizizi na Saratani ya Ini



Mgonjwa akishaambiwa ana saratani ya ini, jamaa hawakawii kumletea dawa ya kuchemsha. Huyu huleta manjano, yule huleta mizizi. Hufanya hivyo kwa upendo, na fikra yao si ya kupuuzwa, kwani baadhi ya dawa za saratani zinazotumiwa hospitalini zilitoka kwenye mimea.

Mfano ni vinkristini, inayosaidia kutibu saratani ya damu kwa watoto. Hutoka kwenye mmea mdogo wa maua ya waridi, asili yake Madagascar, unaopandwa katika bustani nyingi. Lakini dawa iliyomo ni haba mno: majani makavu mengi mno huhitajika kupata dawa kidogo tu. Ikizidi kipimo, huharibu neva na huweza kuua. Ndiyo maana hutolewa hospitalini, kwa kipimo, wala haichemshwi sufuriani.

Sasa tuje kwenye ini. Manjano yana kemikali iitwayo kurkumini. Katika maabara, kemikali hii imezuia seli za saratani ya ini kukua. Hiyo ni habari njema, ila seli zilizo kwenye kisahani si mwili wa mtu. Kurkumini ikimezwa, ni kidogo sana inayofika kwenye damu, na ini lenyewe huivunja upesi. Hadi leo haijathibitishwa kuponya saratani ya ini kwa binadamu.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Tahadhari ni kwa vidonge vilivyokolezwa, ambavyo vimewahi kuwadhuru ini baadhi ya watumiaji. Kila kinachomezwa hupita kwenye ini. Ini lililo gonjwa likiongezewa mzigo, huchoka zaidi.

Kwa hivyo, anayetumia mitishamba asiache kliniki, na amweleze daktari kila anachokunywa bila kuona haya. Naye mhudumu wa afya asikilize bila kukaripia, maana mgonjwa aliyekaripiwa huficha.

Kinga nayo ipo tayari. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni chanzo kikubwa cha saratani hii, na chanjo yake hutolewa kwa watoto wachanga wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanzo kingine ni sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, na yaliyoota kuvu yasiliwe.

Pombe nayo ipunguzwe, au iachwe kabisa. Mwenye macho ya njano au tumbo linalovimba afike kituo cha afya mapema, kabla ya kuitafuta mizizi.