Jiko Letu na Ndoo ya Thailand
(Maneno kwa mafundi wa jua kali, Kenol)

Hili jiko la bati na udongo tunalouza kando ya barabara lina asili yake Thailand. Lilipofika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 halikuigwa tu vile lilivyo. Ile ndoo ilipewa kiuno, udongo ukabaki nusu ya juu, likawa jepesi na bei ikashuka. Likitengenezwa vizuri hupunguza makaa kwa theluthi au zaidi.

Shida iko kwa tanuri. Udongo usioiva hupasuka upesi, na mama aliyenunua harudi, hata ukimwita! Tujenge tanuri moja ya pamoja: wafinyanzi wachome, wa mabati wakate. Jumamosi tuhesabu nani yuko na matofali.