Kumwambia mwenzako pole ndani ya simu: maneno kutoka Fizi na Baraka

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajitolea wa amani waliokutana kubadilishana mafunzo ya kazi yao.)

Sisi tumetoka Baraka, Fizi-Centre na vijiji vya kando ya ziwa Tanganyika, na wengine kati yetu wametoka Minembwe, kule milima ya juu. Ndani yetu wamo Babembe, Banyamulenge, Bafuliru na Banyindu. Mmetuomba tuseme juu ya kazi yetu katika mitandao ya kijamii, na mmetuuliza swali ambalo hatuulizwi mara nyingi: mtu anajisikiaje anapoingia katika maongezi yale?

Kwanza mfahamu namna simu inavyotumika kwetu. Si kila mtu ana simu yenye intaneti. Katika nyumba nyingi ipo moja tu, ya kijana, na inapelekwa kuchajiwa kwa mwenye paneli ya jua. Jioni kijana ananunua mega kidogo, anafungua WhatsApp, na habari za siku nzima zinaingia kwa mara moja. Odio inasikilizwa kwa sauti kubwa. Watu saba au nane wameizunguka, pamoja na mama mzee asiyejua kusoma na watoto wanaongoja chakula. Kesho yake habari ile iko sokoni, na pale sokoni haina tena jina la aliyeisema.

Tangu mwaka 2019 WhatsApp inazuia mtu kupitisha ujumbe kwa zaidi ya maongezi matano kwa mara moja, na tangu mwaka huo huo ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi unawekewa alama ya mishale miwili. Ni jambo jema. Lakini odio iliyosikiwa na watu wanane uani haina mishale.

Babembe wana lubunga, mahali ambapo wanaume hukaa, hula pamoja na kukata maneno ya kijiji. Tusiisifu kupita kiasi: wanawake hawakuwa na kiti pale, na vijana walinyamaza. Hata hivyo, ukimtukana mtu lubunga unamwona usoni, na mzee ana haki ya kusema basi, yatosha. Grupu la WhatsApp linaweza kupokea watu 1,024, na mzee wa namna hiyo hayumo. Yumo msimamizi, ambaye mara nyingi anaishi mbali, na mamlaka yake makubwa ni kumwondoa mtu.

Basi, unajisikiaje? Mara nyingi hukuomba kuingia. Unafungua simu asubuhi na kukuta umetiwa katika grupu jipya lenye jina la kabila lenu au la mlima wenu. Ujumbe mia mbili unakungoja. Unasoma, tumbo linakaza. Mtu unayemheshimu, labda aliyekuwa mwalimu wako, ameandika kwamba jamii fulani wote ni wageni, au kwamba jamii fulani wote ni wauaji. Wewe unawajua watu wa jamii hiyo kwa majina. Mmoja alikukopesha pesa ya dawa. Kidole kiko juu ya simu, na hujui uandike nini.

Unafikiri kunyamaza ni usalama, lakini katika magrupu haya kimya kinahesabiwa. Simu inaonyesha nani amesoma. Baada ya siku mbili mtu anauliza, “Mbona fulani hasemi kitu?” Hapo ndipo jina la msaliti linapoanza, au wanasema umenunuliwa. Katika magrupu yenye watu mchanganyiko kuna hofu ya namna nyingine. Maongezi yanaanza kwa Kiswahili, halafu mtu akikasirika anatuma odio kwa Kibembe au kwa Kinyamulenge. Nusu ya watu hawaelewi tena. Kwa uzoefu wetu, odio ambayo mtu haielewi inamtisha kuliko tusi analolielewa.

Mwaka 2020 tuliyaona hayo kwa nguvu. Tarehe 28 Septemba mkuu wa wilaya ndogo mpya ya Minembwe alisimikwa mbele ya waziri Azarias Ruberwa. Tarehe 8 Oktoba, akiwa Goma, Rais Tshisekedi akatangaza kwamba jambo hilo limefutwa. Zilikuwa siku kumi tu, lakini katika simu zilikuwa kama mwaka. Kwa Banyamulenge wengi ilikuwa habari ya kutambuliwa kama raia. Kwa Babembe, Bafuliru na Banyindu wengi ilikuwa habari ya kunyang'anywa ardhi ya mababu. Hizi ni hofu mbili za kweli, na kila moja ilistahili kusikilizwa. Katika magrupu hapakuwa na nafasi hata kwa moja. Kulikuwa na ramani zilizochorwa na nani hatujui, na orodha za majina.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba 2021, kundi la watu lilimuua afisa wa jeshi la taifa, Munyamulenge, huko Lweba katika Fizi, na mwili wake ukachomwa. Video ilifika kwenye simu haraka kuliko habari yoyote ya redio. Wengine waliituma kama ushindi. Wengine waliituma kama ushahidi, ili dunia ione. Nia ni mbili, mbali kama mbingu na ardhi, lakini picha ni ile ile na ilisafiri kwa njia zote mbili pamoja. Kazi yetu siku zile ilikuwa kupiga simu kwa mtu mmoja mmoja na kumwambia: tafadhali usiipitishe, hata kama unalia, kwa sababu nyumba ya marehemu nayo ina simu. Wengi walikubali. Wengine walituambia tunaficha maovu.

Sheria zipo. Kongo ina sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila tangu mwaka 1966, na tangu Machi 2023 kuna sheria ya mambo ya kidijitali inayogusa pia maneno ya chuki ndani ya mitandao. Tunazifundisha, lakini hatuzitumii kama fimbo. Mtu akitishwa anahamia grupu lingine ambalo sisi hatumo.

Sasa tuseme juu ya neno ambalo ni gumu kuliko yote kuliandika. Ni neno dogo: pole.

Kila jamii kwetu ina tarehe zake. Ifikapo tarehe 13 Agosti, Banyamulenge wanaweka picha za Gatumba, kambi ya Burundi ambamo wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku mmoja wa mwaka 2004. Ifikapo mwisho wa Desemba, Babembe wanakumbuka Makobola, ambako askari wa uasi wa RCD na washirika wao waliua mamia ya raia kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi mwanzo wa Januari 1999. Mbembe akiandika pole mwezi Agosti, wa kwake wanamwuliza, “Na Makobola?” Munyamulenge akiandika pole mwezi Desemba, wa kwake wanamwuliza, “Na Gatumba?” Mwenye kuandika anatazamwa na pande zote mbili. Wa kwake wanasema amewauza wafu wao, na wale anaowapa pole wanashuku kwamba ni hila.

Tumejifunza kuandika pole peke yake. Hatuongezi “lakini”, na hatuongezi wafu wetu chini yake siku hiyo hiyo. Siku yao itafika, na siku hiyo tutaona nani ataandika. Mara ya kwanza mmoja wetu alipofanya hivyo, aliondolewa katika magrupu mawili kabla ya jua kuzama. Usiku, watu watatu wa upande mwingine walimtumia ujumbe wa faragha. Hakuna kati yao aliyethubutu kujibu mbele ya wote. Mmoja aliandika neno moja tu, asante. Sisi tunaona faragha ile ndiyo mlango. Mengi tuliyoyapata tangu wakati huo yamepitia pale, mtu kwa mtu. Ndiyo sababu hatupimi kazi yetu kwa kuhesabu nani alisema nini mbele ya watu wote, ingawa wafadhili wangependa hesabu hiyo.

Habari mbaya ikiingia, hatujibu kwanza katika grupu. Kila mmoja wetu ana namba za watu wa upande mwingine ambao amekula nao, na anapiga. Tunauliza mambo ya kawaida: ilikuwa siku gani, kijiji gani, nani alikuwa pale kwa macho yake? Mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari, na tena mwezi Desemba M23 walipoingia Uvira, odio zilikuwa nyingi mno. Kila jioni adui alikuwa amefika mahali fulani, na kila jioni familia zilifunga mizigo. Simu moja kwa mtu aliyeko mahali penyewe ilisaidia nyumba nyingi zilale. Tukikuta habari ni ya kweli, tunasema ni ya kweli. Tungekuwa watu wa kutuliza tu, hakuna mtu angetusikiliza mara ya pili.

Neno juu ya ndugu zetu wa mbali. Wengi walitoka kwetu kwa vita vya 1996 na 1998. Walikaa Lugufu na Nyarugusu huko Tanzania. Baadhi walirudi Baraka kwa meli kuanzia Oktoba 2005, na wengine wakapelekwa Marekani na nchi nyingine. Wanalipa karo za watoto wetu, na tunawapenda. Lakini maneno makali kuliko yote mara nyingi yanatoka kwao. Kijiji wanachokiona ni kile walichokikimbia. Wao wakimaliza kuandika wanalala, na sisi huku tunakutana na jirani kisimani asubuhi. Tumeanza kuwapigia hao pia, kwa saa zao.

Grupu tunalolipenda zaidi ni dogo. Ni la wafugaji na wakulima wachache, kwa ajili ya kiangazi, wakati ng'ombe wanaposhuka kutafuta majani upande wa Lulenge na Ngandja. Wanaelezana njia ya kupita, mashamba ya muhogo ambayo hayajavunwa, na itulo, ile haki ya desturi wanayopewa machifu. Wanasema kwa Kiswahili tu, na hawapitishi ujumbe wa mahali pengine. Humo watu hugombana sana juu ya ng'ombe, na hatuwazuii.

Mwezi uliopita wamama wanaouza ndagala na mafuta ya mawese wametuomba grupu la namna hiyo, ili wajue siku gani njia ya sokoni ni salama. Walio wengi hawana simu ya WhatsApp. Wanapendekeza simu moja kwa kila soko, ikae kwa mama mmoja anayeaminiwa na pande zote, na wanajadiliana bado nani atanunua mega.