Kupanga Sentensi za Kiingereza kwa Ajili ya Mitihani ya Benki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Arash)



Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya namna ya kujizoeza kupanga sentensi za Kiingereza zilizochanganywa, kama zinavyotolewa katika mitihani ya kuingia kazi ya benki. Jambo hili laonekana dogo kwa jina lake, lakini si dogo kwa matokeo yake. Kijana wa hapa Arash aweza kujua hesabu vizuri, na tabia yake ikawa njema, kisha akazuiwa mlangoni kwa sababu ya sentensi tano alizoshindwa kuziweka mahali pake. Wengi hudhani kwamba amezuiwa kwa uchache wa maneno ya Kiingereza. Nia yangu ni kuwaonyesha kwamba mara nyingi sivyo. Maneno anayo, alichokosa ni desturi ya kutazama viungo vinavyofunga sentensi moja na nyingine, na desturi hiyo hupatikana kwa mazoezi yasiyohitaji fedha.

Kwanza natuutazame mtihani wenyewe. Swali la namna hii si geni kwetu. Kwa miaka mingi watoto wamelikuta katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, katika Kiswahili na katika Kiingereza pia: sentensi zimevurugwa, nao huambiwa wazipange kwa kuzipa herufi. Lakini nchi ambayo swali hili limekuwa mashuhuri katika kazi ya benki ni India. Huko taasisi iitwayo IBPS hutahini waombaji kwa ajili ya benki nyingi za umma kwa pamoja. Katika mtihani wake wa mchujo sehemu ya Kiingereza ina maswali 30, na muda wake ni dakika 20. Yaani kila swali lina sekunde 40 tu. Tena jibu lililokosewa hupunguza robo ya alama. Karatasi nyingi za mazoezi zinazofika mikononi mwa vijana wetu asili yake ni huko.

Hapa kwetu nafasi nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na waombaji wakiwa wengi huchujwa kwa mtihani wa maandishi kabla ya kuitwa kusema mbele ya wasaili. Benki nazo zina majaribio yao. Maswali hayafanani kila mahali, wala siwaahidi kwamba swali la kupanga sentensi litatokea katika kila karatasi. Nasema tu kwamba aliyejizoeza swali hili husoma karatasi nyingine zote kwa macho mazuri zaidi.

Sasa nieleze kwa nini swali hili lawa gumu kwa mtoto wa hapa. Mtoto wa Arash huanza na Kimaasai nyumbani, hukutana na Kiswahili shuleni, kisha Kiingereza humjia akiwa na lugha mbili kichwani. Katika Kimaasai kitendo hutangulia, ndipo hufuata mtendaji na mtendwa. Na sauti ya kupanda au kushuka katika jina ndiyo ionyeshayo nani ametenda na nani ametendwa. Katika Kiswahili twaweza kusema "Karani aliisoma barua" au "Barua aliisoma karani," na hakuna atakayedhani kwamba barua imemsoma karani, kwa sababu viambishi vya kitendo vyatuambia nani ni nani. Kiingereza hakina msaada huo. Ukiandika "The clerk saw the lion," karani ndiye aliyeona. Ukibadili mahali pa maneno ukaandika "The lion saw the clerk," simba ndiye aliyeona, na huenda karani hana muda wa kumaliza sentensi. Mahali pa neno ndipo penye maana yake. Basi yatupasa kujua kwamba tunaingia katika lugha ambayo mpango hubeba mzigo mkubwa kuliko tulivyozoea.

Iko tofauti ya pili, nayo ni kubwa zaidi kwa swali letu. Katika Kiswahili tukisimulia twasema, "Alikwenda mnadani, akauza ng'ombe, akarudi." Ile "ka" yatuonyesha mara moja kwamba sentensi hii yafuata nyingine, haianzi habari. Kiingereza hakina "ka." Vitendo vyote vya jana huvaa vazi moja, cha kwanza na cha mwisho. Kwa hiyo msomaji aliyezoea kuongozwa na "ka" hujiona amepotea, hata kama kila neno analijua. Sharti atafute alama nyingine, nazo zipo. Nitataja nne.

Alama ya kwanza ni "a" na "the." Sisi hatuna maneno hayo, ndiyo sababu macho yetu huyaruka. Lakini kazi yake twaijua. Twasema, "Mzee mmoja alikuwa na fahali. Fahali huyo alikuwa mkali." Ile "huyo" yatuambia kwamba fahali amekwisha tajwa. Kadhalika Kiingereza hutaja kitu mara ya kwanza kwa "a," na kikirudi hukiita kwa "the." Tena hutumia "the" kwa kitu ambacho msomaji aweza kukifahamu kutokana na yaliyotangulia, hata kama hakikutajwa kwa jina.

Alama ya pili ni maneno yasimamayo badala ya majina: "he," "she," "it," "they," "this," "such." Sentensi yenye "he" huuliza, "Nani?" Mpaka umempata mwenyewe katika sentensi iliyotangulia, usiiweke ya kwanza.

Alama ya tatu ni maneno ya kuunganisha. "Therefore" hutaka sababu mbele yake. "But" na "however" hutaka jambo la kupingwa. "For example" hutaka neno la jumla. "Also" hutaka jambo la kwanza la kuongezewa.

Alama ya nne ni wakati. Neno "had" laweza kueleza jambo lililotendeka kabla ya lile lililokwisha simuliwa. Hapa wengi hukosea, kwa kudhani kwamba lililotendeka kwanza lazima liandikwe kwanza. Sivyo. Mwandishi aweza kutaja moto, kisha akarudi nyuma kueleza nani alikuwa ameuwasha.

Tazameni mfano huu mfupi nilioutunga, wenye sentensi tano zilizochanganywa:

A. The clerk counted it twice and gave him a receipt.
B. An old man sold two oxen at the market.
C. Therefore he carried it to the bank the next morning.
D. He did not wish to keep the money in his house.
E. The receipt is still in his box.

Sentensi tano zaweza kupangwa kwa njia 120, na iliyo sawa ni moja. Mwenye kujaribu zote atakutwa na kengele. Lakini tukifuata viungo, njia hizo hupungua upesi. Sentensi A yataja stakabadhi kwa "a," na E yaitaja kwa "the". Basi A na E zashikana, na njia 120 zimekuwa 24. Sentensi C yaanza kwa "Therefore". Yataka sababu, na sababu ni D, yaani mzee hakupenda kuweka fedha nyumbani. Basi D na C zashikana, na njia 24 zimekuwa 6. Iliyobaki peke yake ni B, nayo yamtaja mzee kwa mara ya kwanza, wala haidai neno lo lote lililotangulia. Basi B ni ya kwanza. Sasa zimebaki njia 2 tu: B-D-C-A-E, au B-A-E-D-C. Ya pili haiwezekani, maana A yasema karani alihesabu "it," na katika B hakuna kitu kimoja cha kuhesabiwa. Ng'ombe walikuwa wawili. Kwa hiyo jibu ni B-D-C-A-E. Angalieni kwamba hatukuhitaji neno gumu hata moja. Tulihitaji kuuliza kila sentensi, "Wewe wamdai nani?"

Nije sasa kwenye mazoezi, ambayo ndiyo haja yetu. Kununua kitabu cha maswali na kukariri majibu hakufai kitu, kwa kuwa swali lile lile halitarudi. Fanyeni hivi. Chukueni gazeti la zamani, mchague aya yenye sentensi tano au sita zilizoandikwa vizuri. Kila sentensi iandikwe katika ukanda wake wa karatasi, kanda zichanganywe, na kuwekwa katika bahasha. Mpango wa asili uandikwe ndani ya kifuniko. Aliyeiandika bahasha asiwe yeye wa kuipanga, ampe mwenzake. Mpangaji akimaliza, kabla ya kutazama jibu, aandike sababu ya kila kiungo: kwa nini hii yafuata ile. Huu ndio moyo wa zoezi. Aliyepata jibu bila sababu amebahatika tu. Na aliyekosa jibu lakini akaandika sababu, ataona mahali alipopotea.

Juma la kwanza tumieni magazeti ya Kiswahili, mpate kuona viungo katika lugha mliyoizoea: "huyo," "hiyo," "basi," "lakini," na ile "ka." Juma la pili na la tatu ingieni katika Kiingereza, bila saa. Saa iletwe juma la nne, wala si kabla. Mwenda pole hajikwai. Anayekimbizana na saa tangu siku ya kwanza hujifunza kubahatisha kwa haraka. Bahasha mbili kila jioni zatosha.

Juu ya kubahatisha, iko hesabu ambayo makarani wataipenda. Ikiwa swali lina majibu matano ya kuchagua, na kosa lapunguza robo ya alama, basi mwenye kufumba macho katika maswali matano hutazamia kupata moja na kukosa manne. Hupata alama moja, naye hupoteza robo nne, ambazo ni alama moja. Amefanya kazi bure. Lakini kama kwa kufuata viungo amekwisha kuondoa majibu mawili, yamebaki matatu. Katika maswali matatu ya namna hiyo hutazamia kupata alama moja na kupoteza nusu. Hapo yafaa kujibu. Na mahali ambapo kosa halipunguzi alama, asiache swali tupu hata moja. Kwa hiyo masharti ya karatasi yasomwe kwanza, hata kama wengine wamekwisha anza kuandika.

Najua kwamba wako watakaosema, "Kazi ya benki ni hesabu, kwa nini mtu apimwe kwa kuchezea sentensi, tena za lugha ya kigeni?" Neno hili lina uzito, nami silidharau. Wakati wa Wajerumani ofisi nyingi za nchi hii ziliendeshwa kwa Kiswahili. Waingereza walipokuja, Kiingereza kikawa mlango wa vyeo. Na mwaka 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali. Milango hubadilika, na huenda mlango huu nao utabadilishwa siku moja. Lakini kijana anayeomba kazi mwaka huu hupita katika mlango uliopo mwaka huu.

Tena mpango wa sentensi si mchezo, hata katika Kiswahili. Karani huandika, "Fedha zilihesabiwa. Mkaguzi akaondoka. Sanduku likafungwa." Mwingine huandika, "Mkaguzi aliondoka. Fedha zikahesabiwa. Sanduku likafungwa." Mambo ni yale yale matatu. Lakini katika taarifa ya kwanza mkaguzi alishuhudia hesabu, na katika ya pili hakuwapo. Fedha zikipungua, sentensi moja iliyowekwa mahali pasipo pake yaweza kumtia mtu mashakani bila hatia, au kumwokoa mwenye hatia. Benki inayomtaka mtu ajue mpango wa maneno haimwombi jambo la anasa.

Bwana Mwenyekiti, naliomba baraza hili likubali mambo matatu. La kwanza, liwepo sanduku moja la bahasha za mazoezi, na kila mwanachama alete bahasha moja kwa juma, ya Kiswahili au ya Kiingereza. La pili, jioni moja ya kila juma itengwe kwa vijana wanaojitayarisha, na wanachama wawili wawepo kwa zamu, si kuwapa majibu bali kuwauliza sababu. La tatu, ye yote atakayerudi kutoka mtihanini aandike kwa ufupi namna ya maswali aliyoyaona na masharti yake, ili wanaofuata wasiingie gizani.

Gharama yake ni magazeti yaliyokwisha somwa, mkasi mmoja, na saa moja ya jioni. Hakuna hata mmoja kati yetu asiyeweza kuitoa.