Zamani Ipi Tunayoililia?

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Luanda Kotieno)



Juzi nilikuwa hapa chini nikingoja feri ya kwenda Mbita. Wazee watatu walikuwa wameketi kivulini wakiongea habari za zamani. Mmoja akasema, "Zamani ziwa lilikuwa limejaa. Unatega asubuhi, jioni nyumba nzima imeshiba. Wizi hakuna, watoto wana heshima, mjane halali njaa." Wenzake wakaitikia. Mimi nikauliza, "Mzee, zamani ipi hiyo?" Akacheka tu, na feri ikafika tukaachana. Leo nataka tuliendeleze swali hilo, kwa sababu neno "zamani" limeanza kuvunja vikundi vyetu, na kimoja nitakitaja mbele bila kutoa jina.

Tuanze na samaki, maana hapo ndipo kila mtu huanzia. Ni kweli ngege walikuwa wengi. Lakini nyavu za kisasa ziliingia ziwani karibu mwaka 1905, na kufikia mwaka 1927 ngege walikuwa wamepungua kiasi kwamba serikali za kikoloni zilimleta mtaalamu, Michael Graham, kuchunguza sababu. Basi kilio cha "samaki wamekwisha, zamani walikuwepo" kina umri wa karibu miaka 100. Babu zetu walikililia.

Na hao babu waliokula ngege walikula pamoja na nini? Kulikuwa na malale, ugonjwa ule wa mbung'o. Kuanzia mwaka 1900 hivi uliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda, na mwambao wetu wa Nyanza haukupona. Kukaja kodi ya nyumba. Kukaja vita vya 1914 hadi 1918, vijana wa Nyanza wakachukuliwa kwa wingi kubeba mizigo ya jeshi, na wengi walikufa kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Ukienda Kariokor pale Nairobi, jina lile limetokana na hao wapagazi. Hayo hatuyasikii chini ya mti. Anayesimulia ni yule aliyebaki, au mtoto wa aliyebaki.

Wengine wenu, hasa wa rika langu, mkisema zamani mnamaanisha wakati wa mbuta, miaka ya 1980 na 1990. Nakumbuka vizuri. Nilikuwa mtoto. Malori ya barafu yalikuja, viwanda vya Kisumu vilinunua kila kitu, mvuvi mmoja alinunua redio kubwa na baiskeli wiki moja. Leo tunaona nyavu zikitoka tupu, tunasema, laiti siku zile zingerudi.

Ndugu zangu, siku zile nilihesabu mazishi. Katika darasa letu kuna mwaka ambao kila muhula mtoto mmoja au wawili walikuwa wamehamishiwa kwa nyanya zao kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu. Mama mwuza samaki alipewa samaki na mvuvi kwa sharti la kulala naye. Jaboya, mnajua wenyewe, sina haja ya kueleza. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, sisi tukiwa tumeshazika. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2003 ulikuta asilimia 15 ya watu wazima wa Nyanza wana virusi, nchi nzima ikiwa asilimia 7. Katika kila watoto 1000 waliozaliwa Nyanza, kama 206 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Hiyo ndiyo miaka ya pesa ya mbuta.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo kutamani zamani kulipotuumiza hasa. Watu walipoanza kukonda, tulisema ni chira. Tulisema tumeacha mila, wahenga wamekasirika, dawa ni kurudi kama zamani. Kwa hiyo mjane ambaye mumewe alikufa kwa ugonjwa ule alilazimishwa atakaswe, aletewe mtu wa kulala naye ndipo nyumba iwe safi. Wengine walilipwa kufanya kazi hiyo, wakatoka boma hili wakaingia lile. Tukawa tunautafutia ugonjwa dawa kwa njia ile ile uliyokuja nayo.

Sisemi tero ilianza kwa ubaya. Shemeji alipewa wajibu: alime shamba la marehemu, alinde watoto, jina lisipotee. Wapo waliofanya hivyo kwa uaminifu na ninawaheshimu. Lakini ni nani aliyewauliza wajane wenyewe?

Hata saga, ile kazi ya pamoja ambayo sisi watu wa vikundi tunaisifu kama mama wa harambee, tuitazame vizuri. Aliyeita saga aliandaa chakula na pombe. Mama asiye na mtama ghalani angewaita kwa kitu gani? Shamba lake lilingoja.

Nyanya yangu alizaa watoto tisa, akazika watano. Hakuonja kuku mpaka uzeeni, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa, ingawa aliwafuga yeye na kuwapika yeye. Nilimwuliza kama angependa siku zile zirudi. Akafikiri sana. Akasema angependa kula ningu tena, wa zamani wale wenye mayai, na kusikia nyimbo za kusaga mtama. Mengine akanyamaza.

Sasa kile kikundi. Mwanachama wao mmoja amefiwa. Mumewe aliacha mashua na nyavu. Mashemeji wamechukua mashua wakisema zamani mali hurudi kwa ukoo, na kikundi kimemzuilia mkopo wake mpaka "mambo ya nyumbani yatulie". Wote tunajua maana ya kutulia hapo. Michango yake ya miaka sita imo kwenye daftari, ameweka sahihi mwenyewe. Sheria ya Urithi inayomtambua mjane imekuwa ikitumika Kenya tangu 1981, kwa hiyo hata hiyo ni ya zamani, kama zamani ndiyo tunayoitafuta.

Wanakutana Alhamisi. Nimewaomba wamsikilize yeye kwanza kabla ya mzee yeyote kusimama, na mtu wa sheria kutoka parokia atakuwepo.

Ninyi wengine mlioanza kuandika historia ya vijiji vyenu, kazi nzuri sana. Tumeni vijana kwa akina nyanya pia. Waulize walizika watoto wangapi, nani alikula kipande kipi cha samaki, nani alipiga na nani alipigwa. Waandike na nyimbo.

Yule mzee wa kwenye feri nimemwona pale nyuma. Mzee, karibu mbele, bado nangoja jibu lako.