Umesikia Nini, Mama?

Sindo ni mji wa ziwani, na mama wa hapa hahitaji kufundishwa malaria ni nini, amekesha nayo. Lakini chanjo ya malaria ilipozinduliwa hapa Kaunti ya Homa Bay, Septemba 13, 2019, wazazi waliuliza: mbona watoto wetu ndio wa kwanza?

Kusema kweli, ni swali la haki. Kenya, Ghana na Malawi zilitangulia dunia. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana Oktoba 2021. Basi mzazi akiuliza hivyo, muuguzi anayemkaripia mbele ya foleni amempoteza. Heri amwulize, "Mama, umesikia nini?" kisha anyamaze, asikilize. Halafu amweleze bila kuficha: mtoto anaweza kupata homa baada ya sindano, na chanjo hupunguza malaria kali lakini haiizuii yote. Chandarua kibaki kitandani.

Dozi ni nne. Ya mwisho, iliyopangwa awali katika umri wa miezi 24, ndiyo husahaulika, maana mtoto keshaanza kukimbia. Wauguzi, mtajieni mama tarehe ya dozi hiyo kabla hajatoka kliniki.