Kitanda cha Chuoni Hakiuzwi



Mwaka wa masomo unapoanza, swali la malazi hutangulia hata lile la vitabu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017 yana majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Hata hivyo waombaji huzidi nafasi. Na penye uhaba hapakosi dalali.

Yafaa tufahamu mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi apewaye nafasi bwenini hapewi mali ya kuuza, bali ruhusa ya kuishi humo kwa jina lake. Ukimlipa akuachie kitanda, au akubali "kubebana", yaani mlale wawili kitanda kimoja, huna haki utakayoidai siku ya ukaguzi. Fedha zimekwenda, nawe u nje na godoro lako.

Pili, ada ya malazi ya chuo cha umma hulipwa kwa kumbukumbu namba, kupitia benki au simu. Asiyekupa namba hiyo usimpe fedha taslimu, hata akivaa kitambulisho.

Kabla ya kulipa, uliza: Ada ni ya muhula au ya mwaka? Chumba kinalaza wangapi? Kupika kunaruhusiwa? Likizo utahama? Kisha linganisha na chumba cha mtaani, ukijumlisha nauli, umeme, maji na kodi ya miezi inayodaiwa mbele.

Mwisho, tunzeni stakabadhi. Mlalamikaji mwenye stakabadhi ana pa kuanzia.