Njia ya Tonge: Mhadhara wa Umma juu ya Umio na Maradhi Yake

Wazee wangu wa Kibera, kina mama, vijana, na wanazuoni wenzangu mliokubali kuja hapa Lindi, kijiji cha Kibera, badala ya kuwangoja watu wa Lindi waje kwenu: mada ya leo ni kiungo ambacho mwenye afya huishi nacho umri mzima bila kukikumbuka, na ambacho aghalabu hukumbukwa wakati ambapo tabibu amebakiwa na machache ya kutenda.

Umio ni mfereji wa nyama wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, unaoanzia mwisho wa koo, ukashuka nyuma ya bomba la pumzi na nyuma ya moyo, ukapenya katika tundu la kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo, hata ukaishia mlangoni mwa tumbo la chakula. Mtu atiapo tonge la ugali kinywani, hiari yake ni katika kulitafuna na kulisukuma kwa ulimi. Likishavuka hapo amri humtoka: pumzi husita, kifuniko cha gegedu huinamia njia ya hewa, msuli wa mviringo uliofunga kichwa cha umio hulegea, na tonge hupita. Kisha misuli hubana juu ya tonge na kulegea chini yake, mbano ukifuata mbano, kama vidole vya mkamuaji vishukavyo kwenye chuchu ya ng'ombe, na kwa muda wa sekunde nane hadi kumi chakula huwa kimefika. Kazi hii haitegemei uzito wa tonge, na ndiyo maana mtu aliyeinamisha kichwa chini ya kiuno aweza kumeza maji yakapanda hadi tumboni mwake. Nami kila nikitafakari hikima hii hustaajabu kwamba twaitenda mamia ya mara kila siku, hata usingizini, bila kushukuru.

Mlangoni mwa tumbo upo msuli mwingine wa mviringo, ambao kazi yake ni kuruhusu chakula kushuka na kuizuia asidi isipande. Ukilegea pasipo wakati, asidi hurudi juu, na kwa kuwa umio hauna ute mzito wa kinga ambao tumbo limeruzukiwa, mtu huona moto kifuani, na hicho ndicho kiungulia. Kulala mara baada ya kula, kushiba kupita kiasi, unene, tumbaku na mimba ni miongoni mwa visababishi, na dawa zipo. Fauka ya hayo kuna vidonda vinavyoletwa na vidonge, hasa doksisaiklini, ambayo wengi huitupa kinywani usiku bila maji ya kutosha kisha wakalala. Na kuna kuvu weupe wanaofunika umio wa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka kwa virusi vya UKIMWI. Haya hutibika, nami nayapita.

Siwezi kupita upesi juu ya kichocho cha matumbo. Jamaa nyingi za Lindi zina makwao kando ya Ziwa Victoria, na likizo ikifika watoto hupelekwa huko wakaoga ziwani, ambamo huambukizwa. Mayai ya mnyoo aletaye ugonjwa huu, yakikusanyika katika ini kwa miaka, huziba njia ya damu; damu hutafuta njia nyingine, ikaijaza mishipa ya chini ya umio hata ikavimba, na siku moja ikapasuka, mtu akatapika damu tele bila kutangulia maumivu. Ilhali dawa ya kumuua mnyoo ni praziquantel, ambayo ni nafuu na mujarabu.

Wala siwezi kunyamazia kostiki. Wako vijana na kina mama wanaojipatia riziki ya halali kwa kutengeneza sabuni, na riziki hiyo yahitaji magadi haya makali, ambayo mara nyingi hupimwa kidogo kidogo na kutiwa katika chupa iliyokuwa ya soda, ikawekwa chini ya kitanda katika chumba kimoja alimo mtoto wa miaka miwili. Mtoto huona chupa aijuayo, akanywa. Asidi hugandisha nyama na ugando ule huizuia kidogo. Kostiki huiyeyusha nyama na kuzidi kuzama, na umio ukipona hupona kwa kovu linalofinya njia, hata mtoto akahitaji kupanuliwa umio mara kwa mara kwa miaka. Nchini Marekani tabibu Chevalier Jackson, aliyewaona watoto wa namna hii wengi mno, alishindania sheria iliyopitishwa mwaka 1927 ya kulazimisha vyombo vya vitu vichomavyo viandikwe kuwa ni sumu. Hapa kwetu chupa ya soda haina onyo, na maandishi hayamwonyi mtoto asiyejua kusoma, basi chupa yenyewe isitumike. Na ajali ikishatokea mtoto asitapishwe kabisa, kwani kilichochoma kikishuka huchoma tena kikipanda. Apelekwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo kwa betri ndogo za duara za saa na vitu vya kuchezea, ambazo zikikwama katika umio huanza kuuchoma ndani ya saa mbili tu.

Sasa nifikie saratani. Upande wa mashariki wa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hata jimbo la Eastern Cape la Afrika Kusini, saratani ya umio imekithiri, ilhali Afrika Magharibi ni nadra. Jambo hili si jipya, kwani mwaka 1969 ulichapishwa uchunguzi juu ya saratani hii katika magharibi ya Kenya. Makadirio ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba nchini mwetu waliopatwa walizidi 4,000, na waliokufa nao walizidi 4,000. Hesabu hizi mbili zimekaribiana mno, na katika kukaribiana huko ndimo mna msiba wenyewe. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeandika habari za wagonjwa 109 wenye umri usiozidi miaka 30, ambao katika nchi nyingine wasingedhaniwa kuwa na ugonjwa wa wazee.

Sababu si moja. Tumbaku na pombe kali, chang'aa ikiwamo, hazina wakili wa kuzitetea, lakini wamo waliougua ambao hawakuvuta wala kunywa. Moshi wa kuni na makaa ndani ya nyumba isiyo na dirisha unatajwa. Na chai inatajwa, si kwa majani yake bali kwa moto wake: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilihukumu kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la kuzidi nyuzi 65 yamkini husababisha saratani ya umio, na huko Kilimanjaro watu waliopimwa walionekana wakianza kunywa chai yao kwa wastani uliozidi nyuzi 70. Katika mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na chai ya maziwa itokayo jikoni kuingia katika chupa ya moto haiko mbali na hapo. Sisemi tuache chai. Nasema ikae dakika chache katika kikombe, au imiminwe katika kisahani kama walivyofanya wazee.

Umio hutanuka sana, na kwa hiyo huficha uvimbe. Chakula kigumu huanza kukwama njia ikishapungua hadi upana wa milimita 13 au chini ya hapo. Na kwa kuwa umio hauna utando wa nje unaozunguka matumbo, saratani huwahi kuvuka ukuta na kuenea. Mgonjwa naye husaidia kuficha. Huacha nyama, akasema ni ghali, huacha chapati, ugali huumeza kwa kuusukumia maji, kisha huhamia uji na chai, na kwa miezi kadhaa hujiambia kuwa ni vidonda vya tumbo. Afikapo hospitalini, aghalabu kilichobaki ni kumwekea bomba la waya litanukalo, kazi ambayo Tenwek imeifanya kwa mamia ya watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na ambayo humrudishia mtu heshima ya kula, lakini haimponyi.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekezea kina mama wenye vibanda vya chakula, tangu Makina hata Laini Saba, na kila apakuaye chakula nyumbani. Ninyi ndio muonao kwanza. Mteja aliyekuwa akimaliza ugali wake akaanza kuuacha, akaomba mchuzi zaidi, akanywa maji kila tonge, akapungua mwili, mwiteni kando, mkamwambie: baba, au ndugu yangu, nenda kapimwe umio. Asikubali kupewa dawa za kiungulia mwezi baada ya mwezi bila kutazamwa. Aende zahanati au hospitali ya Mbagathi aombe barua ya rufaa, na hospitali ya Kenyatta si mbali na hapa. Huko hupitishwa mpira mwembamba wenye kamera, kipande kidogo cha nyama kikachukuliwa, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Gharama yake ni nzito kwa mtu wa kibarua, nami sioni sababu ya chama cha kusaidiana kichangie mazishi kisichangie kipimo hiki. Aende asubuhi, bila kula chochote tangu usiku, akiwa na mtu wa kumrudisha nyumbani.